Somo la Kulia

Watu waliotoka kwenye filamu ya vita walitaka sukari nyingi. Rosa Kiden alilijua hilo kabla hajaingia hata mara moja ndani ya ukumbi wa video, kwa kuwa birika lake la chai na beseni lake la mandazi vilikaa mlangoni, pale ambapo mabati ya ukumbi yalipakana na njia ya kwenda soko la Koboko. Wanaume walitoka wameinua mabega, wakisema wote kwa pamoja, na hata mtu mwenye wajukuu alimwelekezea mwenzake kidole kama mtutu wa bunduki. Siku za filamu za mapenzi, wanawake walitoka mmoja mmoja, taratibu, wakisahau chenji yao. Siku za filamu za mizimu hakuna aliyeondoka peke yake. Hata jirani ambaye mlango wake ulionekana kutoka pale alimsubiri mwenzake amalize chai ili wavuke njia pamoja, mchana kweupe.

Rosa aliwatazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya mto. Tangu mume wake Mogga alipopigwa risasi katika barabara ya Yei, upande wa pili wa mpaka, akiwa juu ya lori la unga na sabuni, hakuna jambo lililomgusa. Hakulia alipoletewa habari. Hakulia walipomzika Ediofe, mjini Arua, nyumbani kwa mama yake. Alipika, alifua, alimpeleka binti yao Patricia shuleni. Aliyemuuliza hali alijibiwa kuwa ni nzuri, wala Rosa hakuona kwamba anadanganya.

Aliyeona ni mama mkwe wake, Agnes Keji. Alipanda gari kuja Koboko wiki chache kabla ya kumaliza matanga, akaketi juu ya mkeka, akakataa chai, akazungumza bila kupandisha sauti. Alisema kwamba wanawake wa Ediofe walimwuliza huyo mjane ni wa namna gani. Alisema kwamba mtoto humtazama mama ili ajue la kufanya na huzuni yake, na Patricia akimtazama mama yake haoni kitu.

"Mtoto huyu analelewa na jiwe," alisema. "Siku ya kumaliza matanga nitakutazama, Rosa. Kama huna machozi ya baba yake, mtoto atabaki kwangu."

"Ndiyo, Mama," alijibu Rosa.

Alijua kwamba mwanamke mwingine angepiga magoti. Alijua pia kwamba hataki Patricia aende. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani: lilikuwa kweli, na halikuwa na uchungu wowote. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, kwa kadiri alivyoweza bado kuwa na wasiwasi. Mtu asiyesikia uchungu wa kunyang'anywa mtoto atawezaje kuuonyesha mbele ya ukoo?

Basi akamwachia jirani birika, akaingia ukumbini. Mwenye ukumbi hakumdai kiingilio. Ndani kulikuwa na giza la plastiki nyeusi, mabenchi, joto la miili, na mbele karibu na kioo cha televisheni alikaa Shafiki, mfasiri wa filamu, ambaye watu wa mji walimwita vijei. Alikuwa mtoto wa kambi ya jeshi, mwana wa sajini wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi. Alishika kipaza sauti akawafasiria watu maneno ya wageni, akawapa wahusika majina ya hapahapa, hata tajiri wa Ulaya akawa mfanyabiashara wa mtaa wa Oli, Arua, anayewanyima wapangaji wake choo.

Rosa alianza na filamu ya mapenzi, kwa sababu ndiyo iliyowaliza wengi. Mwanamke wa kwenye kioo alipoachwa, benchi zima lilivuta kamasi. Rosa alitazama jiko la yule mwanamke, akashangaa kwa nini sufuria hazina masizi. Filamu ya mizimu ilipofika mahali pa kutisha, msichana wa kando alimkamata mkono akapiga ukelele, naye Rosa akaona kwamba msichana huyo amepaka kucha rangi mbili. Filamu ya vita aliiogopa kidogo kabla ya kuingia, akaifurahia hofu hiyo, akadhani sasa kitu kimeanza. Lakini lori lilipolipuka na vijana wakashangilia, yeye alitazama turubai lake tu. Lilikuwa limefungwa vibaya. Mogga asingefunga hivyo.

Hata hivyo alijifunza jambo moja. Watu hawa wote waliingia wakijua watakachohisi. Waliona karatasi ya tangazo mlangoni, wakaitayarisha mioyo yao, na kilichobaki ni kusubiri wapewe ishara. Wajihi wao ulibadilika hata kabla ya picha kubadilika, na aliyewapa ishara ni Shafiki. Siku moja alichukua filamu ya vita iliyokwisha kuonyeshwa mara nyingi, akaifasiri upya kama ugomvi wa mashemeji wanaogombania mbuzi, na watu walewale waliokunja ngumi juma lililopita wakacheka mpaka benchi likavunjika. Maiti walikuwa walewale, wamelala palepale.

Kesho yake asubuhi, Shafiki alipokuwa akifagia maganda ya karanga, Rosa alimfuata akamweleza shida yake yote, kwa utaratibu, kama anayeeleza ugonjwa wa mtu mwingine. Shafiki alimsikiliza akiegemea ufagio. Kwanza alitania kwamba yeye huliza watu kwa shilingi chache, na kwa matanga ya Ediofe atadai kuku. Alipoona kwamba Rosa hatabasamu wala hakasiriki, aliacha mzaha, akavuta benchi.

"Haya, lia niangalie."

Rosa akalia. Alipandisha sauti kama alivyosikia kwenye misiba, akashika kichwa, akaita jina la mume wake.

"Hapana, Mama Patricia," alisema Shafiki. "Wewe iko naimba. Mutu akilia kwa nguvu, watu naangalia yeye. Mutu akizuia kulia, watu nalia kwa ajili yake. Anza chini. Sema kitu kidogo, kitu ya nyumbani. Kisha nyamaza. Hapana maliza. Wao watamaliza."

Akamwuliza neno la mwisho waliloambiana yeye na Mogga. Rosa alifikiri. Ilikuwa kwenye simu, jioni, mtandao ukikatika. Mogga alisema lori limechelewa lakini wako njiani. Naye Rosa akamwuliza, chakula chako nikifunike, au nimpe mtoto? Simu ikakatika kabla hajajibu.

Alilieleza hilo bila kusita. Shafiki akasema ndiyo hiyo, hiyo tosha. Akamwonyesha namna ya kuligeukia kaburi kana kwamba mtu aliyemo ametoka nje kidogo tu, namna ya kuuliza swali kwa sauti ya kila siku, na mahali pa kukata pumzi. Machozi yenyewe, alisema, yatapatikana kwa kulikazia macho bati linalowaka jua bila kupepesa. Rosa akajaribu tena na tena. Alipomaliza mara ya mwisho akageuka, akaona kwamba mfasiri amejifuta uso kwa kola ya shati.

"Sasa inatosha?" aliuliza Rosa.

"Inatosha," alisema Shafiki, akarudi kwenye ufagio wake bila kumtazama.

Siku ya kumaliza matanga, ua wa Agnes Keji kule Ediofe ulijaa watu tangu misa ilipokwisha. Patricia, katika gauni lililokuwa refu kidogo, alikaa miguuni pa bibi yake. Padri aliomba, wajomba wakazungumza, kisha nafasi ikaachwa kwa ajili ya mjane, na watu wote wakanyamaza. Rosa alizitazama nyuso zao akazitambua. Zilikuwa nyuso za benchi. Walikuwa tayari.

Alitembea mpaka kaburini. Alikwisha kulitazama bati la jikoni muda wa kutosha, na macho yake yalikuwa yameanza kuelea. Akainama kidogo, kama mtu anayesemea dirishani.

"Mogga," alisema, "chakula chako nikifunike, au nimpe mtoto?"

Kisha akanyamaza, akakata pumzi pale alipofundishwa.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa karibu na ukuta, kisha ua mzima ukapasuka. Wajomba walifunika nyuso. Mwanamume aliyekuwa na Mogga kwenye malori kwa miaka mingi aliketi chini kwenye vumbi. Mikono ilimshika Rosa, ikamkumbatia, na mabega yake yakalowa machozi ya watu. Yeye alikuwa anasubiri. Alidhani labda, kwa kuwa watu wengi hivyo wamefika kwenye kilio, watamvuta naye afike. Alisikia joto la miili na harufu ya sabuni ya nguo zilizofuliwa jana.

Alipopata nafasi alikwenda nyuma ya jiko kuosha sahani. Agnes Keji akamfuata, akasimama kando ya beseni.

"Nani amekufundisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Rosa hakuona haja ya kusema uongo. "Mfasiri wa filamu wa Koboko, Mama."

Alisubiri kuhukumiwa. Agnes alivuta kigoda akaketi, akachukua sahani moja akaanza kuifuta kwa kanga yake.

"Mimi nilifundishwa na mama yangu," alisema. "Nilimlilia Mogga kweli mpaka tulipomfukia. Baada ya hapo machozi yalikauka. Lakini wageni wanakuja, wananitazama, nami ninawapa. Kila siku ninawapa." Akaigeuza sahani. "Nilipokuona hulii, nilichukia. Nilidhani unawaonyesha watu jinsi mimi nilivyo."

Wakaosha na kufuta sahani pamoja, hadi beseni likabaki na maji tu.

"Mchukue mtoto," alisema Agnes. "Ana shule Jumatatu. Na kama hulii nyumbani kwako, usilie. Lakini mwambie kwa nini, asije akadhani ni kosa lake."

"Ndiyo, Mama," alisema Rosa. Furaha ilipaswa kuja hapo. Aliipa muda, kisha akakausha mikono, akakunja nguo za Patricia na kuzifunga, akamshika mkono binti yake wakaenda kuwaaga watu. Wa kwanza kumwona alianza upya kulia, na wa pili, na wale waliokuwa wamekwisha kutulia wakainuka kumjia. Rosa akapita katikati yao na mtoto wake, akimshika kila mmoja bega, akiwaambia nyamazeni, nyamazeni sasa, imetosha.