Ubao wa Barabara ya Mlima

Eliakim alikuwa nyapara wa watu thelathini waliochonga barabara ile, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Barabara ilianzia nyuma ya stesheni ya Kitale, ikapanda kilima kwa kona tatu, ikaishia kwenye uwanja mdogo wa mawe. Ukisimama pale uliuona Mlima Elgon wote. Haikwenda sokoni wala shambani. Ilijengwa kwa ajili ya macho tu, kwa sababu Wazungu wa Chama cha Kupendezesha Mji waliamini kwamba watu wa mji wenye ustaarabu hawakosi mahali pa kutazama mbali.

Eliakim alikuwa akiishi Kitale mwaka wa sita sasa, kwa hiyo aliposikia "watu wa mji" alijihesabu humo. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilibaki kona ya pili, chini ya jiwe lililoteleza kabla ya wakati wake. Siku ya ufunguzi, mwaka 1935, mwenyekiti wa Chama alikata utepe akatangaza kwamba barabara hii ni zawadi kwa umma. Karani akatafsiri: "Ni ya watu wote." Eliakim akapiga makofi kwa vidole tisa, kwa nguvu kuliko wenye kumi.

Alipopata likizo akaenda nyumbani Bumula, upande wa Bungoma, na huko hakuwa na hadithi nyingine. Alimweleza mkewe, Nekoye, habari za mitaro, za mawe, za upepo wa kule juu. Siku ya nne Nekoye akaweka chini ungo wa mtama.

"Baba Sellah, twende basi nikaione, nipumzike kuisikia."

Walitembea siku mbili, wakalala Kiminini kwa dada mmoja wa kanisani, na asubuhi Nekoye akavaa gauni jeupe alilokuwa amelivaa mara moja tu, siku ya ubatizo wa Sellah. Walipofika nyuma ya stesheni wakakuta mti umelazwa barabarani, na kando yake, juu ya debe, ameketi Alwi. Huyu Alwi alikuwa mpishi wa kambi yao wakati wa kuchimba. Sasa Chama kilikuwa kimempa koti lenye vifungo vya shaba kikamfanya askari wa kizuizi. Nyuma yake kulikuwa na ubao mpya. Eliakim akausoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba:

"Barabara ya umma. Wazungu na magari yao. Watu weusi ni marufuku, isipokuwa walio kazini."

Akamgeukia askari. "Alwi, si ni mimi?"

"Nakuona, nyapara. Mimi nakuona. Huo ubao ndio haukuoni."

"Barabara hii nimechimba mimi!"

"Ulichimba, ndiyo. Ulikuwa kazini. Sasa uko likizo." Alwi alitazama chini, kwenye viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na koti tu. "Nisamehe, bana. Wakikukuta juu, mimi narudi kwa sufuria."

Eliakim alihisi masikio yakiwaka. Siku mbili za kutembea, gauni la ubatizo, na maneno yote aliyoyamwaga Bumula! Hakuthubutu kumtazama mkewe. Lakini Nekoye alikuwa akiutazama ubao ambao hakuweza kuusoma.

"Shemeji," akamwambia Alwi, "hapo wamesema kazi gani?"

"Hawakusema, shemeji."

"Na huo ufagio ulioegemea ubao ni wa nani?"

"Wa Chama. Mwenye kufagia anaumwa tangu juzi."

Nekoye akauchukua ufagio, akakunja gauni lake jeupe hadi magotini, akainama chini ya mti na kuanza kufagia kuelekea juu. Alwi akafungua mdomo, akautazama ubao, akaufunga.

Nyapara wa watu thelathini alisimama pale kitambo. Kisha akavunja tawi la mkaratusi, akamfuata mkewe, akifagia kwa hasira majani ambayo hayakumkosea lolote. Wakapita kona ya kwanza. Kona ya pili Nekoye akasimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, karibu na mtaro."

Akapafagia mahali pale taratibu sana, kama anayefagia mlango wa mtu aliyelala, kisha wakaendelea.

Juu kabisa hapakuwa na mlima. Palikuwa na wingu zito, jeupe, lililokaa juu ya nchi nzima.

"Uko nyuma ya hilo," Eliakim akasema.

"Kwani si ni huu huu tunaouona kule nyuma ya jiko letu?"

"Ni huo huo. Lakini kutoka hapa unaonekana vizuri zaidi."

"Naona," Nekoye akasema, akilitazama wingu.

Gari likapanda likasimama. Mama mmoja wa Kizungu, mke wa katibu wa Chama, akashuka na kikapu cha chai.

"Nani natuma ninyi hapa?"

"Kazi, memsahib," Nekoye akajibu.

"Oh! Mzuri sana! Na hii kiti, pangusa."

Nekoye akakipangusa kile kiti kirefu cha mbao, kilicholowa ukungu, kwa leso yake. Mama yule akakaa, akalingojea wingu robo saa, akanywa chai yake ikiwa vuguvugu, akaondoka amekasirikia hali ya hewa. Gari lilipopotea, Nekoye akakaa ili ahakikishe kiti kimekauka. Akamwita mumewe ahakikishe upande wa pili. Wakakaa hivyo, ufagio katikati yao, na walipokuwa bado wanahakikisha, wingu likapasuka. Mlima ukatokea wote, wa samawati, mpana kupita alivyousimulia, na mashamba yakiteremka chini yake hadi macho yakachoka.

Nekoye akaulaza ufagio chini.

"Basi," akasema. "Umefanya kazi."

Eliakim alifuta macho akasingizia vumbi.

Jambo hilo lingeishia hapo kama Alwi angekuwa na ulimi mfupi. Jumapili iliyofuata wanakwaya walikuja kumi na wawili, kila mmoja na ufagio wake. Mwezi haukuisha kabla Arafa, mwuza maandazi wa karibu na msikiti, hajawaleta binti zake na jamaa zake wote, nao wamevaa nguo za sikukuu na kushika fagio. Vijana wa stesheni waliwapeleka wachumba wao kufagia. Barabara ile haikuwa na jani hata moja. Sasa watu walifagia udongo. Vumbi lilipanda mpaka Wazungu waliokuja na vikapu vyao wakawa hawaoni mlima wala chai.

Chama kikaitisha mkutano. Kukataza kazi hakikuweza, maana mwenyekiti alikuwa amelalamika miaka yote kwamba watu weusi hawapendi kazi. Wakabishana hadi jioni, wakaafikiana, wakampa fundi rangi amri. Fundi, kwa kuwa ubao ulikuwa mmoja, akayapaka maneno ya zamani rangi nyeupe na kuandika juu yake: NI MARUFUKU KUPITA NA UFAGIO.

Alwi akausoma mara mbili, akaenda kwa katibu kuuliza afanyeje. Akaambiwa afuate ubao, asilete maswali. Basi akaufuata. Alimnyang'anya kila mtu ufagio wake, akainua mti, akawapisha.

Eliakim, aliyekuwa amerudi kazini, alipanda Jumapili hiyo mikono mitupu, asijue aiweke wapi. Kando ya kiti akakuta kibao kipya cha shaba. Mgeni mmoja wa Kizungu, aliyeshuka kwa treni jana yake, alikuwa akikikodolea macho bila miwani.

"Wewe najua kusoma?" mgeni akamwuliza. "Nani najenga barabara hii?"

Eliakim akamsomea majina yote saba ya wanachama wa Chama, bila kuruka hata moja. Kisha, kwa sauti ile ile ya kusoma, akaongeza lake.

"Wazungu saba na nani?" mgeni akauliza.

"Eliakim."

"Mzuri," mgeni akasema, akauliza kama pale juu kuna mahali pa kupata chai.