Kushoto kwa Merzug

...na akiutoa mguu kabla maji hayajapoa tumerudi mwanzo, ndivyo alivyosema Daktari Ghizlane, robo saa, ami Miloudi, usimwachie, kwa hiyo nimechuchumaa hapa kwenye samadi kama mtu anayekanda unga, mimi, mkadamu, kiongozi wa kikosi cha farasi kumi na tano, ninayeinua mkono mmoja na gobore kumi na tano zikalia mlio mmoja, leo nimeshika ukwato ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, tena ndoo ya Mbarka ya kufulia mablanketi, mke wangu akiiona nitasikia habari yake... na Merzug ananipumulia shingoni, mzito, wa moto, kana kwamba ni mimi niliyekanyaga msumari, Merzug, maana yake mwenye bahati, jina nilimpa mwenyewe asubuhi aliyozaliwa, bahati gani, farasi wote wa Dukala wanapita langoni salama, wangu anautafuta msumari mmoja uliobaki duniani na kuukanyaga katikati... mara kumi na moja mwaka huu daktari amekuja, mbwa wangu wameacha kumbwekea, anajua sukari iko kopo gani, na kila akiondoka kondoo mmoja huondoka nyuma yake kwa njia ya soko la Jumanne, nilikuwa na kundi, sasa nina kondoo watano na wote wananitazama kwa mashaka... tulia, mwanangu, tulia, maji bado ya moto...

"Muuze, Miloudi," anasema binamu yangu Buazza, kakaa juu ya ukuta anatafuna mbegu za alizeti, maganda anayatemea upande wangu, "muuze kabla hajaangukia kisimani akatuharibia maji," na huyu miezi mingapi sasa analalamika kwamba katika mstari Merzug anamponda paja, yeye hukimbia kushoto kwangu, basi kila mazoezi ni Miloudi, mzuie punda wako, Miloudi, goti langu... na kuuza si maneno ya ukutani tu, dalali Hammu yuko kule barazani, glasi ya tatu ya chai, pikapu ameshaigeuza inatazama barabara, hajasema anampelekea nani na mimi sijamuuliza, nani amuulize, farasi kilema hanunuliwi kupeleka bibi harusi, mjini kuna bucha yenye kichwa cha farasi cha bati juu ya mlango, kila mtu anaijua, kila mtu hupita akitazama upande wa pili... jana nilimwambia Hammu njoo, nilisema kwa sauti ya mwanamume, njoo asubuhi tumalizane, kisha sikulala... farasi huyu, Mungu ni shahidi, aliruka ua wa mipungate mimi nikiwa mgongoni na glasi ya chai mkononi, sikumwaga tone, sawa, glasi ilikuwa nusu, sawa, ua ulikuwa bado mchanga, mfupi, lakini aliruka...

"Au mnunulie miwani," anasema Buazza, na mimi nacheka, nacheka kweli, ila daktari hacheki, amesimama na bandeji mkononi, "Ami Miloudi," anasema, "ule mshono wa mwezi wa tatu ulikuwa bega lipi?" Kushoto, nasema. "Na alipojigonga kwenye kisima?" Ubavu, nasema, ubavu wa... "Na waya wa jirani? Na plau?" ...na mimi ninayejisifu kukumbuka mbegu za farasi wote wa kabila hili hadi babu wa babu, nahesabu makovu kwa macho kutoka hapa chini, bega, ubavu, paja, sikio, ukwato huu nilioushika, yote yako upande wangu huu, wa kushoto, yote, upande wa kulia yule farasi ni laini kama siku ya harusi... daktari anapeleka kiganja polepole kwenye jicho la kulia, kope zinafunga, anazunguka, anakipeleka kwenye jicho la kushoto, karibu, karibu zaidi, na Merzug anatazama tu, anatazama ukuta, anatazama hewa... anawasha kurunzi yake ndogo. "Hili limekufa zamani," anasema taratibu. "Liliwahi kuungua?"

...na Buazza ameacha kutafuna, kwa sababu Buazza alikuwapo, mausimu ya mwaka juzi, sikukuu ambapo vikosi hushindana kukimbiza farasi na kufyatua kwa pamoja, wale watu wa Abda walikuwa wametupita kwa mlio na mimi nikaapa mlio wetu utasikika hadi baharini, nikajaza gobore langu vipimo viwili vya baruti, viwili, marehemu baba alinifundisha kimoja, na tulipofyatua nilishusha mdomo wa gobore chini, juu ya sikio la kushoto la Merzug, madoido, ili wanawake jukwaani wapige vigelegele, na wakapiga, Mungu wangu, walipiga, cheche zikaruka na mimi nilikuwa nimenyoosha shingo kama jogoo... jicho lilitoka machozi siku tatu, nililiosha kwa chai baridi, nikawaambia watu Merzug analia kwa fahari, nilisema hivyo, watu wakacheka, ikawa hadithi yangu ya mwaka mzima... halafu ajali zikaanza na mimi nikalaumu husuda, nikafukiza harmali banda zima, nikamtundikia hirizi mpya, hirizi ambayo nayo nimeitundika kushoto asipoiona, nikamwita mzembe, mlevi, punda mwenye nasaba... kumbe miaka miwili anakimbia na nusu ya dunia imezimwa, ananisikiliza goti tu, kushoto kwake kuna radi na kwato za asiyemwona, na bado nikimwambia nenda anakwenda, akimgusa Buazza si kumponda, ni kupapasa, kama mtu gizani anayepapasa ukuta...

"Jicho halirudi, ami," anasema daktari, "lakini ukwato utapona, na mausimu bado wiki tatu. Farasi wa jicho moja hukimbia vizuri, mradi wenzake wawe upande anaouona," anasema hivi akikunja bandeji, kama anayesema chumvi imebaki mfukoni, na mimi naupanga mstari kichwani, kumi na tano, mkadamu katikati ambapo baba alikaa na babu alikaa, farasi saba kila upande... na mwisho kabisa, kushoto, pembeni, mahali tunapowaweka wanaojifunza, pale hakuna farasi kushoto, pale ni uwanja mtupu na hewa, wenzake wote wako kulia, wote kumi na wanne, angewaona mpaka masharubu... pembeni, mimi, watu watasema Miloudi kashushwa, waseme, nitawatungia sababu nzuri kuliko ya kweli, miaka miwili nimewapa ya uongo bure...

"Buazza," nasema bila kuinua kichwa, "mausimu hii wewe utakaa katikati. Mkono utainua wewe."

Ganda moja linadondoka. "Na wewe?"

"Pembeni kushoto. Kipimo kimoja, mdomo wa gobore juu."

"Na Hammu?"

"Amalizie chai," nasema, "Mbarka ana mkono mzuri wa chai," na nahama, bado nimechuchumaa, ukwato haujatoka, nasogea hadi upande wa kulia, mpaka jicho zima linanipata, jeusi, lina ndoo ndani yake na mtu mdogo mwenye kilemba kilicholegea... maji bado yana joto, zimebaki dakika sita, labda saba...