Sisimizi Ndani ya Saa

Mume wangu ni fundi saa, na ubishi wake hauhitaji kutiwa ufunguo. Vidole vilipomvimba hata akashindwa kushika kibano cha kuokotea skrubu, alisema ni uzee tu. Alipoanza kuwarudishia akina mama saa zao ndogo bila kuzifungua, alisema saa za siku hizi ni mbovu.

Nilipompeleka hospitali, daktari hakubishana naye. "Mzee wangu, usiusingizie umri peke yake. Mwilini mna uvimbe unaofuka chini kwa chini. Dawa utameza, lakini soda, biskuti na vya kukaanga kila siku ni kuni unazochochea. Kula mboga, maharage, samaki. La sivyo, kazi ya mikono utaiacha mapema."

Hapo akakubali masharti. Kumfungia duka lake la saa ni kumzika akiwa hai.

Nyumbani akawa malaika. Chai bila sukari aliinywa huku akinitazama kama yatima. Miezi ikapita, vidole ni vilevile.

"Unaona? Nimekula majani kama mbuzi, bure tu."

Nikamwamini, mjinga mimi. Mpaka siku niliyompelekea chakula dukani nikamkuta mteja wake, mwalimu mstaafu, ameinamia saa yake iliyofunguliwa.

"Fundi, huyu anayetembea humu ndani ni nani?"

Sisimizi. Nyuma yake mwenzake. Nikaufuata msafara: kaunta, mguu wa meza, droo ya vipuri. Njia ya mwongo ni fupi kweli. Nikaivuta droo: biskuti za krimu, peremende, chupa ya soda imelazwa kama mtoto mchanga.

"Za wateja," akasema mume wangu.

"Wateja wenye miguu sita?"

Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kiti. Mume wangu hakucheka. Sisimizi ndani ya saa ya mtu walimuuma kuliko vidole, na droo aliiosha mwenyewe siku ileile.

Uvimbe ulipungua polepole, ingawa asubuhi za baridi bado analalamika. Jana akaniwekea mezani saa yangu, ile aliyonipa tulipooana. Ilikuwa imesimama muda mrefu, nami nilikuwa nimemsema sana kwamba hanijali. Sasa ilikuwa inatembea.

"Niliogopa kuifungua," akasema. "Nilijua nisingeweza kuifunga tena."

Nikalia bila aibu. Halafu nikaigeuza, nikaichungulia mgongoni.

"Unatafuta nini tena, mama?"

"Sisimizi."