Mteremko wa Kumnyamazia Yiamat

Walisema lori la Solomoni, tajiri wa mawe, linakula madereva. Resiato aliyasikia hayo kwa Violet, muuza maharage wa sokoni Oldonyo Sambu, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani. Akilala yapo, akiamka yapo, akikamua ng'ombe yanamtazama kutoka ndani ya ndoo.

"Mimi sisemi kitu, mama Sankale," Violet alimwambia, na mtu akianza hivyo ujue anasema. "Ila fikiri mwenyewe. Lori lilinunuliwa kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi. Yiamat akashuka nalo na mawe kutoka machimboni, akafa. Peter akapewa, mwaka haujaisha, akapoteza mguu. Pale pale, mteremko ule ule. Na Peter anasema kwa mdomo wake kwamba gia ilishikwa. Anaisukuma iingie, kuna mkono unairudisha."

"Mkono wa nani?"

"Ningejua ningekuwa hapa nauza maharage? Watu wanasema tajiri ametoa watu kafara. Wewe nunua kilo zako mbili uende, mimi sijakwambia."

Dereva wa tatu wa lori hilo alikuwa Sankale, mwanawe Resiato, na alikuwa na siku mbili tu kazini.

Basi Resiato akaanza kumchunguza Solomoni, na anayetafuta ubaya hakosi pa kuuona. Solomoni alimpa Sankale koti zito, jipya. Kwa nini? Tajiri gani anampa dereva koti kabla hata ya mshahara wa kwanza? Solomoni aliwachinjia vibarua mbuzi machimboni. Damu ilimwagwa wapi? Kisha jioni moja Sankale akaja akisema bosi anataka majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa.

"Za nini?" Resiato aliuliza, akiwa ameshika mwiko.

"Za bima, yeyo," Sankale alimjibu mama yake.

"Bima. Mpe tarehe ya dada yako."

"Yeyo, dada ni mwanamke, na mimi nina leseni."

"Na nyama yake usile. Sema una vidonda vya tumbo."

Sankale alicheka mpaka akapaliwa na chai. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto wa kunyonya, na aliona mama yake anazeeka vibaya. Koti lile hata hivyo hakulivaa tena, maana asubuhi alilikuta limelowekwa kwenye beseni, na kesho yake tena, na keshokutwa tena.

Siku ya kumi alirudi nyumbani kiganja cha kushoto kimechubuka. Resiato akamwuliza, akajibu, "Gia ilikuwa ngumu kidogo kurudi." Alisema kama mtu anayesema mvua ilinyesha kidogo. Usiku huo Resiato hakufumba macho.

Kulipokucha alivaa viatu vya kanisani, akashuka mjini mpaka Terrat kwa Philemoni, mwanajeshi mstaafu aliyeendesha malori ya aina ile miaka kumi na minne. Alimkuta bandani akilisha kuku. Hakumwamini sana na yeye. Jeshi ni jeshi, wanafichiana. Akamsimulia yote, Yiamat, Peter, mkono, kafara, koti.

Philemoni hakucheka. Resiato angependa acheke, maana asiyecheka ana analojua.

"Mama, lile gari halina jini," alisema. "Lina gia za kizamani. Haya malori mengine ya siku hizi, dereva hata akikosea, gia yenyewe inajitafutia nafasi na kuingia. Lile halina msaada huo. Mwendo wa injini na mwendo wa magurudumu visipolingana, gia inakataa. Inakupigia kelele na kukurudishia mkono. Huo ndio mkono aliousema Peter."

"Kwa hiyo haliwezi kushuka?"

"Linashuka kuliko punda. Ila gia ya kushukia unaichagua juu, gari limesimama, kabla ya mteremko. Gia ndogo. Ukiiweka, huitoi mpaka chini. Injini ndiyo inayolishika gari, breki zinasaidia tu. Ukiitoa katikati, mzigo unasukuma, mwendo unapanda, na hutairudisha tena. Hapo umebaki na breki, na breki zikipata moto hazina tofauti na kandambili."

"Mwanangu ameitoa, na ikarudi."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Moramu, ule udongo wa barabara. Nusu gari, nadhani."

"Mzigo mdogo unasamehe," Philemoni alisema, akarudi kwa kuku wake. "Swali langu ni moja. Kwa nini anaitoa? Dereva haitoi gia bila sababu. Nenda ukaone."

Swali hilo ndilo lililompandisha Resiato machimboni kesho yake. Alijiambia kuwa sababu haiwezi kuwa nyingine ila Solomoni. Amemwagiza. Amemnong'oneza mahali pa kuitoa.

Siku hiyo walipakia mawe ya msingi, lori tele, mpaka matairi ya nyuma yakavimba ubavuni. Solomoni alikuwapo, amesimama mbali akiongea na simu. Resiato akamtazama midomo. Halafu akapanda kwenye kibini bila kuombwa, akakaa, akafunga mlango.

"Yeyo, shuka," Sankale alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatazama."

"Watazame. Nashukia lami, nina safari ya mjini."

Vibarua hawakukosa la kusema. "Sankale leo ana mkaguzi," mmoja alisema. Mwingine akaitikia, "Mwulize kama amemletea uji na chupa." Mama mwenyewe akawajibu kupitia dirishani, "Nimemletea. Na nyie mama zenu wakija wataleta viboko." Wakacheka, na lori likaondoka likinguruma.

Njia ya machimboni ilikuwa tambarare kwa muda, kisha ikafika ukingoni. Chini kabisa ilionekana lami, nyembamba kama ukanda, na bonde lote likielekea mjini. Mlima Meru ulikuwa nyuma yao, hawakuuona. Sankale alisimamisha gari, akaweka gia ndogo, kama Philemoni alivyosema. Resiato akashusha pumzi. Kumbe mtoto anajua.

Wakaanza kushuka. Injini ililia kwa nguvu, gari likienda pole pole kama mtu aliyeshikwa mkanda kwa nyuma. Hatua kama mia mbili mbele, kando ya njia, palikuwa na rundo la mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo ndipo Yiamat alipofia. Sankale akavua kofia kwa mkono wa kushoto, akaiweka mapajani. Mguu wake ukaenda kwenye klachi, na mkono ukashika gia.

"Unafanya nini?" Resiato aliuliza.

"Namnyamazia Yiamat. Hupiti kwa marehemu unamngurumia. Madereva wote wa hapa wanatoa gia, gari linapita kimya, kisha mbele unarudisha. Ndiyo heshima yake."

Resiato alimsikia, na swali la Philemoni likapata jibu. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyeagiza. Ni heshima tu, na wenye malori mapya walikuwa wanaitoa na kuirudisha salama kila siku, mpaka ikawa desturi. Peter alikuwa wa kwanza kumnyamazia Yiamat kwa lori hili.

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanawe, akakaza.

"Toa mkono, yeyo."

"Sitoi."

"Tunampita. Toa."

"Mpite na kelele. Nitamwomba radhi mimi, mimi ndiye mkubwa."

"Unanitia aibu mbele ya mtu aliyekufa."

"Heri aibu yako kuliko maombolezo yako. Ondoa mguu hapo."

Sankale aliondoa mguu. Lori likapita kwenye mawe ya chokaa likinguruma kama ng'ombe dume, likamngurumia Yiamat, likaendelea kumngurumia mpaka kona ya mwisho. Jasho la mkono wa mama na la mkono wa mwana likawa moja. Sankale alikuwa amekasirika kweli, taya zimekaza.

Walipofika chini, mteremko umebaki kidogo sana na mbele kuna mwinuko mdogo wa kuingilia lami, Resiato akaondoa kiganja.

"Haya. Sasa toa, halafu urudishe."

"Ili iweje?"

"Ili nikuone dereva."

Akaitoa kwa hasira. Injini ikanyamaza, gari likateleza, likachangamka. Akasukuma gia irudi. Ikapiga kelele ya chuma kusagana na chuma, ikamrudishia mkono. Akajaribu tena. Ikakataa. Mara ya tatu akaiegemea kwa bega zima, ikamtupa. Akakanyaga breki, na harufu ya kuungua ikaingia dirishani, na hapo ni mahali ambapo mtoto angeweza kuteremka na baiskeli. Lori lilikwenda na mawe yake yote mpaka ule mwinuko ulipolipunguza, likasimama lenyewe.

Sankale alikaa ameshika usukani. Kisha akageuka, akatazama nyuma na juu, mteremko wote, kona moja baada ya nyingine.

"Jana ilirudi nilipojaribu mara ya tatu," alisema. "Juzi mara ya pili."

"Ilikuwa moramu," mama yake alisema.

Alizima injini, akashuka, akatembea kwa miguu kupanda mpaka kwenye yale mawe, akasimama pale kimya na kofia mkononi. Resiato alimwona kutoka kwenye kibini, akamwacha. Aliporudi alisema tangu leo atakuwa anasimama juu kabisa, anazima injini, anatembea mpaka kwenye mawe ya Yiamat. Madereva wengine watamwambia anachelewesha kazi. Waseme.

Resiato hakumsafisha Solomoni moyoni. Mtu anayenunua gari la namna ile na kumkabidhi dereva bila kumtafutia wa kumfundisha, hata kama hana mganga, ana deni la maelezo. Nyama yake alikataa mpaka mwisho. Lakini alichukua daftari la mjukuu wake wa kwa binti, akaandika kwa herufi kubwa mambo ambayo mama mwenye mtoto kwenye malori ya namna ile amkataze, akatoa nakala, akawapa wake wa madereva, na Violet akampa mbili:

Asitoe gia kwenye mteremko, hata kwa heshima ya marehemu.

Asianze kushuka kabla hajasimama na kuchagua gia ndogo.

Asibadilishe gia katikati kwa sababu aliye nyuma anapiga honi.

Asitegemee breki peke yake akiwa na mzigo.

Asidhani kilichokubali na nusu gari kitakubali na gari zima.

Asiige dereva wa lori jipya.

Asipokee gari la jeshi kabla hajafundishwa na aliyewahi kuliendesha.

Asiwaamini wanaosema ni mkono wa mtu, wala asimwamini tajiri anayenyamaza wanaposema hivyo.