Masikio ya Msimamizi

Msimamizi wa kiwanda cha mabati alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na bima ya kazini ingekoma siku atakayorudisha funguo. Basi wakala wa bima akaja nyumbani na tai yake nyekundu, akamwaga mezani vipeperushi vya wazee wenye meno meupe wakikimbia mchangani.

"Matibabu ya kawaida yamo, mzee wangu," alisema. "Ila kwa umri wako, macho, meno, magoti na masikio ni nyongeza. Unachagua moja."

"Kwani mimi gari, nichague spea?"

"Ndio utaratibu, mzee."

Msimamizi akaitisha kikao cha familia, na hapo ndipo alipojua kwamba siku zote walikuwa wakimkagua. Binti yake alitaka macho, maana alishapanga baba akistaafu amlelee watoto, na hakutaka mlezi wa kupapasa ukuta. Shemeji yake, mgeni wa kila Jumapili, aliyapigia debe meno: mwenye nyumba akishindwa kutafuna nyama, nani ataendelea kuinunua? Mkewe, mwalimu wa chekechea, alisema masikio.

"Masikio yangu mazima. Nyinyi ndio mnanong'ona."

"Umezeeka na mashine za kukata bati, baba watoto," mkewe alisema kwa sauti ya kuita watoto kutoka uwanjani. "Jana nimekuambia gesi imeisha, ukaitikia amina."

Kwa hasira akachagua magoti, kwa kuwa hakuna aliyeyataja. Wakala akamsifu kwa busara, kama anavyomsifu kila mteja.

Mkewe hakubishana. Yeye alikuwa bado na miaka kadhaa kazini, na bima ya shule ilimruhusu kumwandikisha mwenzi wake, masikio yote mawili. Akamwambia mumewe wanakwenda kupima presha. Msimamizi alipokuja kushtuka, alikuwa kwenye kiti cha daktari wa masikio, amepachikwa vifaa viwili vidogo, anasikia kandambili za muuguzi zikiburuzwa huko koridoni. Njiani wakirudi alitega sikio. Kumbe mkewe huimba akitembea, tena vibaya, na Msimamizi alitamani safari iwe ndefu.

Wiki iliyofuata wakala akaleta mkataba. Akapaza sauti kwenye faida, kisha akaishusha na kukimbia kwenye masharti kama anayesoma usingizini.

"Rudia hapo," alisema Msimamizi.

Wakala akainua kichwa. "Wapi, mzee?"

"Hapo pa magoti yaliyowahi kuuma."

"Magoti yaliyowahi kuuma kabla ya mkataba hayahusiki."

"Siku ile ulisema hivyo?"

"Nilisema, mzee wangu. Ukaitikia kwa kichwa, nikajua umeridhia."

Msimamizi akamtazama mkewe, aliyekuwa akijikaza asicheke. Akavuta kiti karibu na wakala, akajiweka sawa.

"Anza upya, mwanangu. Tangu ukurasa wa kwanza, na sauti ileile ya chini. Naipenda."

Wakala akalegeza tai, akaanza kusoma.