Jua Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Kanyange alikuwa ameketi kwenye roshani ya ghorofa ya nne huko Busanza, akimenya ndizi za chakula cha usiku. Mumewe Benon alikuwa kando yake, redio mapajani. Jioni ilikuwa inakaribia, na redioni walikuwa wakitangaza kutoka Kimihurura, ambako wakubwa walikuwa wamekusanyika juu ya paa la ofisi kuangalia kupatwa kwa jua. Mtangazaji alisema miwani ya kuangalia imeshagawiwa, vinywaji vimefika, na jua bado ni zima.

Kanyange akatupia macho beseni la maji alimokuwa akiweka ndizi. Jua lilikuwa humo, limemegwa pembeni kama chapati iliyopitiwa na mtoto.

"Baba Ingabire, hili jua si limeshapatwa?"

Benon akainama, akalitazama. "Limeanza zamani. Hawa wanaangalia wapi?"

Benon aliwahi kuendesha malori ya mizigo kutoka Kampala, na magoti yake aliyaacha barabarani. Siku serikali ilipowahamishia Busanza, vijana wanne walimpandisha ngazi akiwa juu ya kiti, akaambiwa lifti itafika wiki hiyohiyo. Mlango wa lifti ulikuwapo tayari, wa chuma, unang'aa. Nyuma yake palikuwa na shimo. Miaka miwili ilipita, Benon hajakanyaga ardhi. Binti yao Ingabire alipoolewa, sherehe ilifanyiwa uwanjani chini ya jengo ili baba aone. Nasaha zake alizitoa kwa kipaza sauti akiwa juu, na wakwe walimsikiliza wameinua shingo. Ng'ombe wa mahari nao waliinua.

Basi Benon akapiga simu redioni. "Hapa kwangu Busanza, kwenye balkoni, jua iko imeliwa. Nyinyi mnaangalia jua gani?"

Mtangazaji akacheka hewani. Lakini Gwiza, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akisikiliza, na jua la roshani yake lilikuwa zima. Akaja kwa Benon, akaliona limemegwa. Akarudi kwake, likawa zima. Akaenda na kurudi mara kadhaa, mwishowe akaleta kiti chake. Hakuuliza sababu. Aliuliza kama kuna chai.

Haukupita muda, Umulisa wa itifaki akafika kwa pikipiki kutoka Kimihurura, amevaa suti na viatu virefu, pumzi imemwishia. Akatazama beseni, akavaa miwani ya karatasi akatazama mbinguni, kisha akapiga simu. "Liko huku. Ndiyo, Busanza. Walete wote."

Msafara ukafika. Wageni wakapanda wakajaa roshani na sebule, wakabaki wakimngoja mgeni rasmi, Mheshimiwa Ndayisaba. Yeye alikuwa chini, mtu wa mwili mkubwa, anabonyeza kitufe cha lifti. Alikibonyeza kwa subira ya mtu ambaye vitufe vyote humtii, hadi dereva wake alipomnong'oneza jambo, naye akageukia ngazi.

Wakati huo jua lilikuwa limefika mgongoni mwa kilima. Hapo likasimama.

"Mbona halizami?" Gwiza aliuliza.

"Litazamaje," Umulisa akajibu, "na mgeni rasmi bado yuko ngazini?"

Wote wakaona ni kweli. Hakuna shughuli inayofungwa kabla mgeni rasmi hajafika. Chini uwanjani kuku waliingia bandani, wakatoka, wakaingia tena. Ghorofa ya kwanza Ndayisaba alipewa kigoda. Ya pili alipewa maji. Ya tatu alilala kidogo kwenye mkeka wa watu asiowajua, nao wakampepea kwa mfuniko wa sufuria. Jua likasubiri, limemegwa vilevile, likiwaka usoni mwa wageni ambao walikuwa wameanza kula ndizi za Kanyange, zilizokwisha kuiva jikoni.

Hatimaye akatokea, tai begani.

"Karibu, Mheshimiwa," Benon alisema. "Pole na ngazi."

"Ngazi hizi ni ndefu sana. Lifti iko wapi?"

Umulisa akatazama ncha za viatu vyake. "Lifti iko chini ya ofisi yako, Mheshimiwa."

"Ah. Basi inafuatiliwa," alisema Ndayisaba. Akavaa miwani, akatazama, akasema ni zuri. Jua, baada ya kutazamwa na aliyehusika, likazama papo hapo.

Watu wakaanza kuagana gizani. Benon akashika mkono wa Ndayisaba, hakuuachia.

"Mheshimiwa, mimi nataka kushuka. Siombi kingine. Nikanyage chini, nimwamkie mtu barabarani, nirudi."

Ndayisaba akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, juma lijalo utaona mafundi hapa."

Juma lile jua liliendelea kupatwa kila jioni, kwenye roshani ile peke yake, na wageni wakazidi kuja. Mafundi nao walikuja kweli, na winchi ndefu ya manjano. Kanyange alikuwa ameipiga pasi suti ya mumewe, na tangu alfajiri Benon alikuwa amekaa amevaa viatu, kamba zimefungwa, miguu sambamba.

Mafundi walipita mlango wa lifti bila kuutazama. Wakafika juu, wakaamkia vizuri, wakaanza kuikata roshani kwa msumeno wa zege. Ilikuwa imeamuliwa kwamba jambo kubwa kama lile liwekwe mahali wageni wanapoweza kufika bila taabu. Kimihurura pametengwa nafasi, kwenye majani, chini kabisa.

Kanyange akamfuata msimamizi wao. "Si mumshushe na mzee akiwa humo? Ameshavaa."

"Mama, winchi iko ya mizigo. Mtu haruhusiwi."

"Basi mwandikeni mzigo."

Msimamizi akamtazama Benon kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Mzigo gani unavaa tai?"

Benon akaanza kuifungua tai.

"Hata hivyo, Mzee," alisema msimamizi kwa huruma.

Roshani ikashuka taratibu, beseni likiwa bado ndani, na majirani wakaipigia makofi. Mafundi wakapigilia mbao mbili mlangoni ili mtu asitembee akaanguka, wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakaenda.

Kimihurura roshani iliwekwa kwenye majani, ikazungushiwa kamba. Jua lililoonekana hapo lilikuwa zima, la mviringo, halina kasoro. Jioni baada ya jioni Ndayisaba alisimama ndani yake na miwani yake, wageni nyuma yake, na jua likazama kwa wakati bila kumsubiri.

Jioni moja Umulisa akapiga simu. Kanyange alikuwa amekisogeza kiti cha Benon hadi kwenye mbao, na kati ya ubao na ubao jua lilikuwa linashuka, limemegwa upande wa kulia.

"Mzee," sauti ya Umulisa ilisema, "samahani kukusumbua. Huko kwenu likoje?"

Benon akalitazama jua. Akautazama ukuta uliobaki, na dirisha, na mlango wa chumba cha kulala.

"Iko zima, binti yangu," akasema. "Zima kabisa."

Akakata simu, akamwomba Kanyange asogeze naye kiti chake.