Jumatano Nyuma ya Tangi

Mimi Nestory simhitaji mtu. Chumba ninacho hapa Chanji, jiko ninalo, na baiskeli za watu ninazotengeneza kule Mazwi hazina maneno. Mama alipohamia Mtowisa kwa kaka kulima mpunga, nilimsindikiza hadi kwenye gari nikimtania kwamba sasa nitalala kitanda kizima.

Nikalala kitanda kizima. Kumbe kina baridi.

Huku kwetu salamu ya heshima ni makofi: unainama, unapiga viganja taratibu, mwenzako naye anapiga vyake. Inapendeza. Ila unaweza kumaliza masika umesalimiwa na mji mzima na hujaguswa na mkono hata mmoja.

Mwezi wa tatu mafua yalinipeleka zahanati. Nesi Atupele akaniwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Nusu dakika tu. Nilitoka nimesahau mafua.

Wiki iliyofuata nikarudi, nikadai moyo unaenda mbio. Akanishika kidogo, akasema niko sawa. Hapo ndipo kidato cha nne kiliponifaa. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Ukishtuka au ukikimbia, zinamwaga adrenalini kwenye damu, na msuli wa moyo unajikamua kwa nguvu kama mtu anayekamua blanketi lililolowa. Basi kila Jumatano, kabla ya kuitwa, nilipita nyuma ya tangi la maji nikaruka mara mia. Vidole vikakaa dakika nzima. Kisha mbili.

Benchini nilikaa na Bibi Luciana, mwenye uvimbe wa rovu shingoni. Nilimtania kwamba tunashindana mapigo. Yeye harukiruki: nesi alimweleza kuwa tezi yake ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi, moyo unagonga hata amelala, hauna jioni. Alikuwa akisubiri damu yake ipelekwe Mbeya kupimwa, na zahanati ilipeleka ya mtu mmoja kwa wiki.

Jumatano hii Atupele alinishika muda mrefu, uso ukakunjamana. Akasema hili si la kuchezea tena. Damu yangu ndiyo itakayoondoka leo, bibi atangoja wiki nyingine. Akachukua kalamu kwa mkono wa pili. Nilitafuta utani wa kumwambia. Sikuupata, na ukweli nao sikuutoa.

Mlango, uliokuwa wazi nusu kuelekea benchini, ukasukumwa. Bibi Luciana aliinama, akapiga makofi yake ya heshima.

“Samahani, nesi. Huyu mjukuu wangu haumwi. Anaruka kule nyuma ya tangi. Nimemwona Jumatano nne.”

“Mbona hukuniambia, bibi?”

“Akitoka humu anakuwa na uso wa mtu aliyekula,” alisema. “Nikaona nimwache ashibe.”

Atupele akaweka kalamu chini, akanitazama. Mkono wangu hakuuachia. Pumzi za kuruka zilikuwa zimekwisha zamani, lakini chini ya vidole vyake moyo ulikuwa ukigonga kuliko Jumatano zote, naye alikuwa akiusikia.